Mkristo Kashuka Dikoni: Mambo Tisa Tunayomzushia Kabla Hajatua Begi

Mbuchi ni kata ya wilaya ya Kibiti, ndani ya delta ya Mto Rufiji, mahali ambapo ratiba ya safari hupangwa na maji kupwa na kujaa, konda hana usemi. Wengi wetu ni Waislamu. Wakristo tunao, ila ni wa kuhesabu, na aghalabu walifika na barua ya ajira mkononi: mwalimu, muuguzi, askari, bwana misitu. Kwa uchache wao wanatwishwa mengi, maana kila tulichowahi kusikia kuhusu Wakristo, kuanzia Roma mpaka Mbagala, kinamsubiri huyo mmoja pale dikoni.

Nimeyapanga kuanzia la kuchekesha mpaka la kuuma. Mizani ni yangu mwenyewe. Mwenye ya kwake aje nayo barazani.

9. Wote ni wanakwaya

Mwalimu hajafunga hata chandarua, keshawekwa kwenye kamati ya burudani ya mahafali. "Wewe si Mkristo bwana, kuimba umezaliwa nako." Masikini ya Mungu, nota hazijui. Anazozijua ni noti, na zenyewe hazionekani mpaka mshahara utoke.

Lawama hii nawatupia Uinjilisti Kijitonyama na wenzao. Kwaya hizo zimepigwa kwenye mabasi ya kusini mpaka sisi wenyewe tunaitikia beti kabla ya kukumbuka kuwa ni Ijumaa. Sasa tunadhani kila aliyebatizwa ana sauti ya pili ndani ya begi.

8. Wote ni watu wa bara, maji hawayajui

"Shika ubao mwalimu, usije ukatuzamisha!" Nahodha anampigia kelele mtu wa Ukerewe, aliyezaliwa kisiwani katikati ya Ziwa Victoria na kuanza kupiga kasia kabla ya kujua kusoma. Mwalimu kanyamaza, kanyoosha miguu, kalala. Aliyetapika ni mjumbe wetu.

Hapa tumechanganya dini na kabila, kisha kabila tukalichanganya na ramani. Wakristo wa pwani wapo, na siyo wa juzi. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868. Kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lilianza kujengwa mwaka 1873, pale pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo. Freretown ya Mombasa ni ya 1875. Na kwa nini twende mbali? Kisarawe na Maneromango, ndani ya mkoa wetu huu huu wa Pwani, kuna Wazaramo Walutheri tangu miaka ya 1890. Wanakula wali wa nazi, wanacheza ngoma, wanajua bei ya korosho. Ukimwita Mzaramo huyo mtu wa bara atakutania mpaka ujute kuzaliwa.

7. Wote wanaijua Biblia kwa kichwa

Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya kulinganisha dini imetuzoesha kitu kimoja: wahadhiri wetu wanaitaja Biblia sura kwa sura, mstari kwa mstari, bila miwani. Kwa hiyo kijana wa kijiweni aliyesikiliza kaseti za marehemu mjomba wake anamvizia muuguzi zamu ya usiku na kumuuliza: "Dada, ile Yohana kumi na saba tatu unaifafanuaje?"

Dada wa watu ni Mkatoliki. Anajua misa, rozari na majina ya watakatifu wa jumuiya yake. Sura na mistari ni kazi ya padri. Kachoka, ana wagonjwa wodini. "Kaka, wewe umekuja kwa homa au kwa Yohana?"

Kaka alikuja kwa homa. Akapimwa, akakutwa na malaria. Yohana akasubiri.

6. Wote wanadanganywa na manabii

Kwa picha za runinga, Mkristo ni mtu anayenunua mafuta ya upako, maji ya upako na chumvi ya upako, na akimaliza anaanguka chini. Kweli wapo wa namna hiyo. Lakini ukitaka kumwona mtu akiwacheka hao kuliko unavyowacheka wewe, mtafute Mlutheri wa makamo mwenye shati la kitenge. Atakutajia manabii wa mjini mmoja mmoja na magari yao.

Isitoshe, tunaocheka tuna mkia nyuma. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, Babu wa Loliondo, alipokuwa akigawa kikombe cha dawa kule Samunge kwa shilingi 500, nani hakwenda? Foleni ile ya magari ilikuwa na kofia za kiua, buibui, misalaba shingoni, wabunge, wafanyabiashara na watu waliokuja kutoka nje ya nchi. Babu hakumuuliza mtu kadi ya ubatizo. Nasi tulioikosa safari tulikosa nauli, siyo imani.

Na kabla sisi wana Rufiji hatujajifanya watu wa kuhoji kila kikombe, tukumbuke kwamba Ngarambe iko kwetu. Kinjikitile Ngwale aligawa maji pale, na watu walimiminika kutoka bondeni na milimani, mpaka Wajerumani wakamnyonga Mohoro Agosti 1905. Tunamheshimu, na ni haki yake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyebanwa hufuata maji yenye ahadi, awe wa dini gani.

5. Ni dini ya Wazungu

Hili hata mtoto wa chuo angelimaliza, kwa sababu sira anaisoma. Mnamo mwaka 615 Waislamu wa mwanzo walipobanwa Makka, Mtume aliwaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme wake, Najashi, ambaye kwake hakudhulumiwa mtu. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao. Jaafar bin Abi Talib akasimama barazani kwa mfalme, akasoma katika Sura ya Maryam, na Najashi akakataa kuwatoa wageni wake. Zawadi zikarudi na wenyewe.

Huyo Najashi aliyewakaribisha alikuwa nani? Mkristo. Mzungu? Hata chembe. Mfalme Ezana wa Aksum aliingia Ukristo karne ya nne, wakati mmisionari Augustino hakutia mguu Kent kuwahubiria Waingereza mpaka mwaka 597. Mwafrika kamtangulia Mwingereza kanisani kwa zaidi ya miaka mia mbili, halafu sisi tunamwambia mwalimu kutoka Songea kwamba kafuata dini ya watu.

Ni kweli kwamba makanisa mengi ya kwetu yaliletwa na Wazungu. Na shati nililovaa nikiandika haya lilishonwa China, sijawahi kuulizwa kama mimi ni Mchina.

*Mapumziko: zamu yao*

Kabla hatujafika nne bora, haki iende pande zote, maana Wakristo nao wana orodha yao juu yetu, na wanaianza siku ile ile barua ya kupangiwa kituo inapofunguliwa. "Mbuchi? Delta? Huko si wanaishi na majini?" Tunaishi majini, ndiyo, ila haya ya mto.

"Watu wa pwani wavivu." Aje basi akeshe juu ya dungu msimu mzima wa mpunga, mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza nguruwe pori, alfajiri anakwenda kutega kamba. Akishuka atuambie uvivu unakaa upande gani.

"Wote wana wake wanne." Kwa bei ya sukari ya sasa?

"Waislamu hawapendi shule." Hili linasemwa na mtu anayefundisha darasa lililojaa watoto waliotoka chuo cha Kurani alfajiri kabla ya kuja kwake. Watoto hao wanasoma mara mbili kwa siku, mwenye kulalamika anafundisha mara moja.

Haya, tumelipana. Tuendelee kushuka.

4. Wote wanakula nguruwe na wote wanakunywa pombe

Hapa ndipo kila mgeni hukaguliwa. Mama lishe anatenga sahani. Jirani ananusa sufuria. Mwenye chumba anataka ahadi kwamba kiti moto hakitaingia uani kwake, kana kwamba Mbuchi kuna bucha ya kiti moto aliyoiona yeye peke yake. Nguruwe tunayemfahamu hapa ni yule anayetulia mpunga, na huyo hana kanisa.

Basi akaletwa muuguzi mpya, Msabato. Mchana akaingia gengeni, mama lishe akampokea kwa bashasha ya biashara.

"Karibu mwanangu. Leo kuna kamba wa nazi, wametoka kwenye maji sasa hivi."

"Ahsante mama, kamba sili."

"Basi nikupakulie pweza."

"Pweza pia sili, mama."

"Hongwe huyu hapa, mnono."

"Hana magamba, mama. Siwezi."

Mama akashika kiuno. Kamba ndio ada za shule hapa. Ndio bati za nyumba. Hajawahi kuona mtu akiwakataa kwa dini. Akajaribu mlango wa mwisho: "Chai je?"

"Ya majani situmii. Mchaichai ukiwepo nitashukuru."

"Na soda mimi sikuulizi," mama akasema, akaenda kumtafutia perege. Jioni hiyo mtaa mzima ukawa na habari: kaja Mkristo mwenye vya haramu kuliko shehe.

Wasabato wako nchini tangu 1903, walianzia Upare, na sheria hiyo wanaitoa katika kitabu cha Walawi sura ya 11: cha majini kiwe na mapezi na magamba, la sivyo kipite. Nguruwe wamemkataa humo humo. Pombe hawagusi, sigara hawagusi, na Jumamosi hata uwape kibarua cha pesa nyingi hawaji. Mlokole naye, bia anaiogopa kuliko sisi tunavyoiogopa, na atakuombea uiache bila wewe kumwomba. Mwothodoksi wa Ethiopia nguruwe hali, na Jumatano na Ijumaa hali nyama, maziwa wala mayai. Mkatoliki, huyo simtetei. Yeye na bia hawana ugomvi. Lakini Ijumaa ya Kwaresima mpe nyama uone atakavyoitazama kwa majonzi.

Na sisi? Kaa wa kwenye mikoko tunamkamata na kumwuza ng'ambo, lakini kuhusu kumla, kaulize masheikh watatu upate majibu manne. Kama sisi wa dini moja, kijiji kimoja na msikiti mmoja hatujakubaliana kuhusu kaa, kwa nini tunataka Wakristo wa dunia nzima wawe na sufuria moja?

3. Wakristo lao moja

Mbuchi ni mahali pazuri pa kulipima hili, kwa sababu dunia iliwahi kuja kulipima hapa kwetu. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilikimbilia ndani ya delta ikajificha kwenye mikoko. Waingereza wakaisaka, wakaziba midomo ya mto, wakaleta na ndege za kuchungulia. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa mizinga na meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, Wajerumani wakaizamisha wenyewe.

Wote hao nyumbani kwao Jumapili kengele za kanisa zinalia. Lao lilikuwa lipi, zaidi ya kuharibu mitego ya samaki?

Wa kizazi chetu wanalisema kwa jina jipya, mfumokristo: kwamba Wakristo wamekaa wakagawana nchi. Sipendi kulicheka lote, kwa sababu ndani yake kuna jambo la kweli. Enzi za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu wa pwani aliachwa nyuma. Serikali ilipozitaifisha, kuanzia 1969, pengo lilikuwa limeshachimbwa. Hilo ni dai la sera, lina tarehe na lina nyaraka, na anayelileta mezani asikilizwe. Ninachokicheka ni kumbebesha mwalimu wa Mbuchi. Mwenye mfumo gani huyu anayekopa kilo ya unga mpaka mwisho wa mwezi, anayedai pesa yake ya uhamisho, na anayeomba lifti ya boti kwa mwenyekiti wa kijiji? Kama hii ndiyo faida ya kushika nchi, mimi naomba niendelee kushika wavu.

Tena kuna la kwetu hapa tunalisahau. Nyerere, mwalimu Mkatoliki wa Pugu, hakubebwa na mapadri peke yao. Alibebwa na Waislamu wa Dar es Salaam, na kati ya walionadi jina lake kwa sauti kubwa ni Bibi Titi Mohamed, mwanamke mwenye asili ya Rufiji, kiongozi wa wanawake wa TANU tangu 1955. Bibi Titi hakuuliza kama Mwalimu anakula kamba.

Tangu hapo Ikulu wamekaa Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli na Samia. Hesabu mwenyewe nani ni nani. Ukitaka kujua sisi ni wangapi na wao wangapi kitaifa, utasubiri sana, maana sensa haijamuuliza mtu dini yake tangu 1967. Kila anayekutajia asilimia kaitoa mfukoni mwake, na mfuko huo kwa kawaida ni wa dini yake.

2. Akikosea mmoja, wamekosea wote

Hapa utani unapungua. Oktoba 2012, Mbagala, pale ambapo kila mtu wa Kibiti hushukia akienda mjini, watoto wawili walibishana kuhusu msahafu. Mtoto wa Kikristo akaukojolea. Ni jambo baya, na mtoto alishikwa na polisi. Lakini hasira haikuishia kwake. Makanisa kadhaa yalivamiwa, mengine yakachomwa, na waumini wake wengi habari yenyewe waliisikia siku hiyo hiyo wakiwa kazini. Kosa la mtoto mmoja kwenye mabishano ya watoto likawa deni la fundi seremala, mama wa genge na mchungaji wa kanisa la mabati asiyemjua hata mzazi wa huyo mtoto.

Tungeweza kusema hayo ni ya Mbagala. Ila miaka mitano baadaye bili ikaletwa kwetu. Mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji yalikuwa yanaendelea. Aprili 2017 askari 8 waliuawa katika shambulio moja. Waliokuwa wanauawa vijijini walikuwa majirani zetu, wenyeviti na watendaji tuliosali nao. Tuliolala kwa hofu tulikuwa sisi. Lakini nenda Dar mwaka ule ukatafute chumba. Ukitaja Kibiti, mwenye nyumba anakumbuka ghafla kwamba chumba kimeshachukuliwa. Ukiwa na ndevu na suruali fupi, konda anakuuliza mzigo wako una nini. Una dagaa, bwana. Una uduvi. Nusa mwenyewe.

Kijana wetu mmoja aliniambia alianza kujitambulisha kuwa ni mtu wa Lindi. Nikamuuliza kwa nini asiseme Mafia, ni karibu zaidi. Akasema Mafia watamfahamu lafudhi.

Mtu aliyepitia hayo, akirudi Mbuchi akasikia redioni mchungaji fulani kaiba sadaka, akamgeukia mwalimu na kumwambia "mnaona mambo yenu?", huyo mimi namtoza faini ya kahawa ya baraza zima.

1. "Huyu siyo kama wenzake"

Nafasi ya kwanza nimeipa sifa, na najua nitabishiwa. Matusi yote ya juu yana dawa: mtu akikaa nasi, tukimwona, yanapukutika yenyewe. Muuguzi kazalisha mabinti zetu usiku wa mvua. Mwalimu kafaulisha. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, waliobeba magunia hawakupangwa kwa dini. Hapo ndipo tunapotoa hukumu tuliyoiona ya ukarimu: "Mwalimu ni Mkristo, ila siyo kama wenzake." Hivyo mtu mmoja anatolewa shimoni kwa kamba, na shimo linabaki na watu wake wote.

Nililiona likitendeka barazani, baada ya Alasiri, kahawa imeshamiminwa. Mzee mmoja, mkubwa wetu sote pale, kaitoa sifa hiyo kwa moyo mweupe kabisa. Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Shikamoo tena, babu. Wenzangu gani hao?"

"Marahaba. Hao Wakristo."

"Kama nani?"

Mzee akafikiri. "Siyo yule dada wa zahanati. Yule mtu mzuri."

"Haya, mmoja huyo."

"Wala mwalimu wa hesabu aliyehamishwa. Yule alikuwa mwenzetu."

"Wawili. Bwana misitu?"

"Bwana misitu mimi nina ugomvi naye wa boriti. Dini yake simo."

"Kwa hiyo wenzangu ni wepi, babu?"

Baraza zima likaanza kumsaidia mzee kutafuta. Mmoja akataja mtu wa kwenye filamu. Mwingine akataja rais wa Marekani, akashindwa kuamua yupi. Mwalimu akawaacha wahangaike, kisha akasema taratibu, kama mtu anayechangia tu hoja:

"Hata mimi nikienda likizo nyumbani huwa nawaambia ndugu zangu: wazee wa Mbuchi ni Waislamu, ila siyo kama wenzao."

Mzee akamtazama. "Mwalimu, hapo umetusifu au umetutukana?"

"Sijui, babu. Nyie mlikuwa mnanifanya nini?"

Watu wakacheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Mzee alicheka wa mwisho, akajipangusa macho kwa ncha ya kikoi, akamsogezea mwalimu kikombe cha pili.

"Kahawa nalipa mimi. Kashata leo utajilipia."